Kabla hujatolewa mafuta ya tumbo kutibu kovu

Nashona Magomeni Mapipa, mwaka wa kumi na nne sasa. Nikiinama kumpima mteja kiuno, macho yake yanatua kwenye shingo ya blauzi yangu, na swali linakuja hata sijaandika namba: "Fundi, hiyo si ndiyo wanatibu kwa seli shina siku hizi?" Anamaanisha seli changa zinazoweza kuzaa seli za aina nyingine, ambazo hutafutwa kwenye mafuta ya mwili.

Ninalo kovu kifuani lililoota nyama. Lilianza na chunusi niliyoiminya nikiwa na miaka 23. Ninalo na jingine mkono wa kushoto, la pasi ya mkaa. La mkono nimelitibu kwa mafuta yaliyotolewa tumboni mwangu mwenyewe. La kifuani, daktari yuleyule alikataa kuligusa kwa mafuta. Nimechoka kueleza tofauti hiyo huku nina pini mdomoni, kwa hiyo naiandika hapa, pamoja na mambo ya kufanya kabla hujalipa, siku yenyewe, na ukisharudi nyumbani.

Chora kovu lako kwanza

Makovu yaliyoinuka yapo ya aina mbili. La kwanza ni kovu nene tu: linavimba, linawasha, ila linakaa ndani ya mipaka ya jeraha lililolizaa. Huanza wiki chache baada ya jeraha, na mengi hupungua yenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili. La pili ni keloidi, nayo haina adabu ya mipaka. Jeraha lilikuwa punje ya mtama, kovu linakuwa korosho. Inaweza kuanza miezi mingi baada ya jeraha kupona, hupenda ndewe za masikio, kifua, mabega, mgongo wa juu na taya, na ni nadra kuondoka yenyewe. Jina alilitoa daktari Mfaransa, Alibert, mwanzoni mwa karne ya 19, kutokana na neno la Kigiriki la gando la kaa. Anayeliona langu haulizi kwa nini.

Kujua lako ni lipi, chukua plastiki angavu, ile ya kufunikia madaftari ya watoto, na maka peni. Ilaze juu ya kovu bila kuivuta, fuata ukingo, andika tarehe pembeni. Weka alama ya kitu kisichohama, kwa mfano kidoa cha kuzaliwa, ili plastiki ya mwezi ujao ikae palepale. Kwa unene, simamisha rula pembeni ya kovu na mtu akusomee akiwa usawa wa macho. Rudia kila mwezi.

Nilikuwa na karatasi tano nilipofika kliniki ya ngozi. Daktari, mama mtu mzima, hakusema neno. Alizipanga moja juu ya nyingine, akaziegemeza kwenye kioo cha dirisha, mwanga ukapita. Upande wa kulia mistari yote mitano ililaliana. Upande wa kushoto ilikuwa imeachana kama pindo lililofumuka, karibu milimita moja kila mwezi. Akagusa kushoto kwa kalamu: "Huku bado iko hai, mwanangu." Keloidi iliyo hai haichokonolewi ovyo, hilo ndilo alilotaka nielewe.

Na kama uvimbe umetokea mahali ambapo hukuwahi kuumia, au unatoa damu, au unakua upande mmoja kama kiazi, usiuite kovu. Omba kipande kipelekwe maabara. Kuna saratani ya ngozi inayojifanya keloidi kwa miaka, na hiyo haitakiwi kuchomwa seli za kukuza kitu chochote.

Tiba za kawaida zina zamu yake

Shangazi yangu alilifunga la sikio la binamu yangu kwa uzi wangu wa poliesta, eti likatike lenyewe. Lilikatika nusu, likarudi mara mbili ya lilivyokuwa. Limau, kitunguu na dawa za kuchubua nazipita, kila mtu mjini anazijua na kila mtu anajua hazikumsaidia.

Kinachoanza kwa kawaida ni sindano ya steroidi iitwayo triamsinoloni, inayochomwa ndani ya kovu lenyewe kila baada ya wiki 4 hadi 6. Inauma, tusidanganyane, sindano inaingia kwenye nyama ngumu kama soli ya kiatu. Mimi nilichomwa mara sita. Kuwasha kuliisha baada ya ya pili, na unene ulishuka kutoka milimita 9 hadi 4. Nikabaki na baka jeupe kuzunguka kovu, na siku zangu zilivurugika miezi miwili, jambo ambalo hakuna aliyenitahadharisha. Madaktari wengine huchanganya na dawa nyingine iitwayo florourasili. Hiyo mjamzito haruhusiwi.

Karatasi ya silikoni inabandikwa saa 12 au zaidi kwa siku, kwa miezi. Kwa joto la Dar ya Januari ni kazi. Mimi naivua saa sita mchana, naiosha kwa sabuni ya kipande, naianika ndani, nairudisha jioni. Wa masikio wana hereni maalumu za kubana.

Kukata peke yake ni kukata kitambaa kinachofumuka: keloidi hurudi kwa karibu nusu ya waliokatwa, na tafiti nyingine zinasema hata kwa wote. Ndiyo maana mtaalamu akikata hufuatisha sindano, au mionzi ndani ya siku moja hadi tatu. Mionzi ikitajwa hapa mjini mtu anawaza hospitali ya Ocean Road na saratani, anakimbia. Usikimbie, uliza. Ila haifai mtoto wala mjamzito, na kwa kifua cha mwanamke daktari hufikiria mara mbili kwa sababu ya titi lililo chini yake.

Kama hujapita huko, mafuta si mahali pa kuanzia.

Kilichomo kwenye bomba

Hapa ndipo watu wanapigwa. Neno "seli shina za mafuta" linatumika kwa vitu vinne tofauti, na bei inapangwa kwa neno badala ya kitu.

Cha kwanza ni mafuta yenyewe. Yanafyonzwa tumboni au pajani kwa mrija mwembamba, yanasafishwa, yanadungwa chini ya kovu. Ndani yake seli shina zimo kiasili, chache, zimejificha kando ya mishipa midogo ya damu.

Cha pili ni mafuta yaliyosagwa. Mbinu hii ilichapishwa mwaka 2013 na daktari Tonnard na wenzake wa Ubelgiji. Mafuta yanasukumwa kutoka bomba moja la sindano kwenda jingine mara 30, kisha yanachujwa kwenye kitambaa cha naironi chenye vitundu vya nusu milimita. Seli zenyewe za mafuta zinakufa, lakini seli shina zinapona, na uji unaobaki ni mwepesi kiasi cha kupita kwenye sindano nyembamba na kuingia ndani ya ngozi. Fundi wa nguo ukimwambia kitambaa cha naironi kinachuja seli, haamini mpaka akione. Mimi nimekiona.

Cha tatu ni seli zilizotenganishwa. Mafuta yanachanganywa na kimeng'enya kinachoyeyusha kolajeni (nyuzi zinazoshikilia nyama ya mwili), yanawekwa kwenye joto la mwili, nyuzi 37, kwa nusu saa hadi saa moja, halafu yanazungushwa kwenye mashine mpaka seli zikae chini kama machicha. Machicha hayo yana seli za kila namna: za damu, za mishipa, na seli shina kidogo. Marekani, mahakama ya rufaa iliamua mwaka 2024 kwamba kitu hicho ni dawa, kwa hiyo kinapaswa kupita kwenye vibali vya dawa.

Cha nne ni seli shina zilizooteshwa maabara kwa wiki kadhaa mpaka ziwe mamilioni. Hakiwezi kufanyika kwa siku moja. Mtu akikuambia utaingia asubuhi, watoe mafuta, "wakuze" seli na utoke jioni, amekosea au anakudanganya.

Kwamba mafuta yana seli shina kumejulikana tangu mwaka 2001, mtafiti Zuk na wenzake walipozionyesha huko Los Angeles. Si uchawi wala utapeli. Seli shina zenyewe zinaponya watu hapahapa nchini: Dodoma, Hospitali ya Benjamin Mkapa, watoto wenye selimundu wamepandikizwa uloto, ule uji wa ndani ya mifupa wenye seli shina. Ila uloto kwa selimundu ni habari moja, na mafuta kwa keloidi ni habari nyingine kabisa.

Kwa nini mkono ndiyo, kifua hapana

Kovu la keloidi ni fundi ambaye hajaambiwa nguo imeisha. Kwenye ngozi kuna seli zinazosuka kolajeni. Jeraha likipona zinapaswa kuacha, zenyewe zinaendelea kushona. Seli shina za mafuta hutoa kemikali zinazotuliza uvimbe na kupunguza ususi huo. Maabara na kwa wanyama jambo hilo limeonekana mara nyingi. Kwa binadamu, lenye ushahidi bora ni makovu ya moto na yale yaliyong'ang'ania nyama ya chini: yanalainika, maumivu na kuwasha vinapungua. Kwa keloidi hai, waliofanyiwa na kufuatiliwa muda mrefu ni wachache. Keloidi inaweza kurudi baada ya mwaka, kwa hiyo picha ya "kabla na baada" ya miezi mitatu haikuambii kitu.

Kovu langu la pasi lilikuwa gumu, limevuta ngozi, kiganja hakikunji vizuri nikishika mkasi. Lilikuwa na miaka sita na halijakua hata unywele. Hilo daktari wa upasuaji wa kurekebisha alilikubali. La kifuani alilitazama, akatazama karatasi zangu, akasema endelea na sindano.

Kisha akaniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: "Tumboni umewahi kukatwa?"

Hili lishike kuliko yote. Mafuta hayatoki bila tundu. Matundu ya milimita 2 hadi 4, mawili au matatu, kwenye mwili wa mtu ambaye tayari ngozi yake inaota nyama kwa chunusi tu. Unaweza kwenda kutibu kovu moja ukarudi na matatu mapya. Mimi nilijifungua kwa upasuaji mwaka 2016, na kovu lile lilipona likawa mstari mwembamba, limelala. Kwa daktari hiyo ilikuwa habari njema: ngozi ya tumbo langu inapona vizuri, na tundu lingepitia kwenye ncha ya kovu hilohilo. Kama huna kovu la zamani la kuamulia, au unalo na limevimba, mwambie. Kama anayekuhudumia haulizi, ondoka.

Kliniki ya dola

Kabla ya daktari huyo nilikwenda kliniki moja nisiyoitaja. Kiyoyozi, kahawa, binti mwenye sauti nzuri. "Karibu sana dada, tunaanza na kifua au mkono?" Hakuwa ameliona hata moja, nilikuwa bado na mtandio. Dola 1,800 kwa mara moja, na zinatakiwa tatu. Ukilipa zote leo unapunguziwa. Nikamuuliza atakayenidunga ni nani. Akanionyesha picha ukutani.

Maswali niliyoyabeba safari iliyofuata niliyaandika nyuma ya daftari la vipimo. Kati ya vile vinne, ni kipi kinaingia mwilini mwangu? Kimeng'enya kikitumika, ni cha nani na kimesajiliwa na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba? Jina kamili la daktari ni lipi, nikalitafute kwenye rejesta ya Baraza la Madaktari Tanganyika? Amewatibu wangapi wenye kovu kama langu, na waliofikisha mwaka wako wapi? Nikipata tatizo saa nane usiku, nampigia nani? Na kama ni utafiti, kibali cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, kiko wapi, na kwa nini mnanitoza? Mtu anayejaribiwa dawa hapaswi kulipia jaribio.

Daktari mzuri hakasiriki. Wangu alicheka, akaniambia nikae.

Kitu kimoja zaidi cha kukataa bila mjadala: mafuta ya kudungwa karibu na macho au katikati ya paji la uso na mtu usiyemwamini. Mafuta yakiingia kwenye mshipa wa damu pale, jicho linaweza kupofuka papo hapo. Na mwaka 2017 iliripotiwa habari ya wanawake watatu wa Florida waliodungwa seli za mafuta ndani ya macho yenyewe, wakidhani ni utafiti, wakapoteza uwezo wa kuona. Walikuwa wamelipa.

Siku yenyewe

Wiki mbili kabla niliacha aspirini kwa ruhusa ya daktari. Wewe usiache dawa yoyote ya moyo au damu bila kuuliza. Mvuta sigara aache pia. Nenda na mtu wa kukurudisha, bodaboda haikufai siku hiyo.

Tumbo lilijazwa maji yenye ganzi na adrenalini mpaka ngozi ikawa ngumu na baridi. Ukiwa macho na midomo ikaanza kufa ganzi, masikio yakavuma au ukasikia ladha ya chuma, sema hapohapo, ganzi imezidi kwenye damu. Mrija uliingia na kutoka. Sikuumia, nilihisi kuvutwa tu, kama mtu anapenyeza mpira wa kiuno kwenye pindo lenye tundu dogo.

Kisha wakasimamisha mabomba kwenye kishikio. Baada ya muda yakajitenga matabaka matatu: juu mafuta mepesi kama ya alizeti, katikati ya njano mazito kama samli, chini maji mekundu. Yanayotumika ni ya katikati. Nesi akaunganisha mabomba mawili mdomo kwa mdomo, akaanza kusukuma, huku na huku. Nilihesabu. Yalipofika thelathini yalikuwa yamebadilika rangi, meupe kama maziwa ya mgando, na nikaomba nionyeshwe kile kitambaa.

Daktari alikata kwanza kwa ncha ya sindano nyuzi za chini zilizoshika kovu, akaweka mafuta mazima chini, na yaliyosagwa ndani ya kovu lenyewe. Saa moja na nusu kwa jumla.

Ukisharudi nyumbani

Mkono unavimba, tumbo linapiga rangi ya zambarau, kinachovuja siku mbili za kwanza ni maji mekundu mepesi. Tandika kanga ya zamani. Mkanda wa kubana tumbo nilivaa wiki nne. Wa dukani ulikuwa unajikunja kwenye kiuno, nikaufumua upande, nikaongeza kipande cha lycra na kuhamisha kulabu. Ukiwa na fundi wako, mpelekee, usiteseke. Mkono wenyewe usiubane wala kuukanda mpaka daktari aseme, mafuta yanatafuta damu ya kuishi.

Homa, usaha, uwekundu unaosambaa au kukosa pumzi ni safari ya hospitali usiku huohuo. Kuna na kingine kinachochelewa: vinundu vinavyotokea wiki kadhaa baadaye, vinapasuka na kuvuja, na dawa za kawaida za kuua vijidudu havisikii. Vinaweza kutoka kwa bakteria wa maji, mikobakteria, anayeingia na vifaa visivyochemshwa sawasawa. Mwambie daktari apime hilo kwa jina, usimeze vidonge vya duka la dawa mwezi mzima.

Usifurahie mapema. Wiki ya tatu mkono wangu ulikuwa mzuri ajabu, kumbe ni uvimbe. Mafuta mengi humezwa na mwili miezi ya mwanzo. Picha ya kweli ilianza mwezi wa nne. Kovu bado lipo, rangi yake haijabadilika sana, lakini ngozi sasa naweza kuifinya, na mkasi mkubwa nashika siku nzima bila kusimama kunyoosha kiganja. Kuwasha kumeisha. Daktari anasema huenda nikahitaji mara ya pili, nimemwambia tusubiri.

Tundu la tumboni nilianza kulibandika silikoni lilipofunga tu, na nalichora kila mwezi kama nilivyochora kifua. Karatasi ziko kumi na moja sasa, zimebanwa kwa pini ukutani juu ya cherehani, na mistari yote imelaliana. Nitachora mpaka zifike ishirini na nne.